Lenzi Ndefu na Mahindi ya Sindeni

Siku mliyoniaga ofisini, baada ya soda na hotuba zilizonisifu kwa mambo ambayo mengine sikuyafanya, Zainabu alinivuta kando akaniuliza swali la maana kuliko yote ya siku ile. Ofisi inaweza kununua lenzi moja tu, inunue ipi? Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Nadhani alitegemea kikaratasi. Sasa nimejaza nusu ya daftari na ndiyo kwanza nalikaribia jibu, kwa hiyo mnivumilie. Mtu aliyestaafu hana watu wanaomsubiri mlangoni.

Sitaandika habari za vyeo wala barua za uhamisho. Hizo zimo kwenye faili, na faili langu ni nene kuliko nilivyostahili. Nitaandika habari za vioo, maana miaka yangu yote ya kazi nimewatazama watu kupitia kioo na mpaka leo sijazoea. Tena nitaandika jinsi kioo kimoja, nilichokichagua mimi mwenyewe na kwa furaha kubwa, kilivyokaribia kuwanyima chakula watu wa Sindeni.

Nilianzia Korogwe, muda mfupi baada ya Uhuru. Baba yangu aliletwa kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, hakurudi tena kwao, kwa hiyo mimi ni mtoto wa kambi, niliyekulia kwenye safu moja ya nyumba zenye dini mbili na makabila manne. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, nimemaliza shule ya kati, mikono haijazoea kukata mkonge na wala sikutaka izoee. Karibu na stesheni ya reli palikuwa na studio ya Fundi Mbwana, Mzigua mwembamba aliyekuwa akikaa Kilole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, nikamwomba kazi. Alinitazama viatu kwanza, kisha akaniambia niingize kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

Ilikuwa kamera kubwa ya mbao, imesimama kwa miguu mitatu, na nyuma yake kulikuwa na kioo kilichosagwa kikawa kama maziwa. Fundi alikuwa ameielekeza kwenye mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nilipoingiza kichwa nikaiona barabara ya stesheni imegeuzwa juu chini. Akina mama wenye vikapu walikuwa wanatembea vichwa chini, baiskeli inapita angani, na vyote vina rangi zake na vinakwenda, ndani ya kioo kisichozidi daftari. Nilichomoa kichwa nikachungulia nje kuhakikisha watu wamesimama sawasawa. Walikuwa sawasawa. Nikarudi ndani. Fundi aliniacha humo mpaka jasho likaanza kunidondoka puani, ndipo akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimeiona Korogwe. Akasema basi nije kesho, maana yule aliyekuja kabla yangu alijibu kwamba ameona kamera.

Miezi ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa lenzi. Fundi alinipa ganda la kiberiti, lile la nje, lililo wazi pande mbili. Ukiliweka jichoni unaona uwanja mzima. Ukilisogeza mbele kidogo unaona kundi la watu. Ukinyoosha mkono wote unamwona mtu mmoja tu ng'ambo ya barabara, tena kifua na kichwa. Ndivyo zinavyotofautiana lenzi fupi, ya kati na ndefu, na hakuna kitabu kilichonieleza vizuri zaidi. Alinituma sokoni na ganda langu, nirudi nimwambie ningeweka nini ndani na ningeacha nini nje. Mwenye duka mmoja alimwuliza Fundi kwa upole kama kijana wake amepelekwa hospitali. Lakini mimi nilikuwa nayaona mambo niliyoyapita kila siku: kidole cha mama muuza chumvi kinavyosawazisha kopo, na jinsi wazee wawili wanaosalimiana wanavyoshikana mikono wasiachie mpaka habari za ng'ombe ziishe. Nilikuwa narudi studio nimechoka kwa mshangao kuliko kwa kazi.

Vifaa vingine vyote tulivitengeneza wenyewe. Kivuli cha lenzi, kile kinachozuia jua lisipige kioo kwa ubavu, tulikikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Vumbi tulilifuta kwa brashi ya kunyolea ndevu ambayo haijawahi kuona sabuni. Lenzi zenyewe zililala kwenye kopo lenye mchele uliokaangwa, kwa sababu unyevu wa mto wa pale Korogwe huotesha kuvu ndani ya kioo, na kuvu ikishaota hakuna dawa. Mwaka mmoja mke wa Fundi aliupika ule mchele. Fundi alikula, akasema una ladha ya ofisi, akakaanga mwingine. Kitu kimoja tu alikinunua bila kulalamika, nacho ni kichujio cha njano. Alinionyesha picha mbili za anga moja, moja imepigwa bila kichujio na nyingine kwa kichujio. Kwenye ya kwanza mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka. Kwenye ya pili mawingu yamesimama juu ya milima ya Usambara mpaka nikajisikia mdogo.

Miaka ilipita, nikahamia Handeni kuwa mpiga picha wa ofisi ya habari. Hapo nilikuta sanduku la bati, na ndani yake kamera ndogo ya filamu nyembamba pamoja na lenzi tatu za kubadilisha. Ya milimita thelathini na tano ilikuwa fupi na pana, nzuri kwa mikutano ya ndani, ila anayekaa pembeni kichwa chake hugeuka boga. Kuna afisa alikaa pembeni mara mbili na mara zote mbili alinilaumu mimi kwa tumbo lake. Ya milimita hamsini ilikuwa ya kawaida, haina maringo, inaona karibu kama jicho linavyoona. Ya tatu ilikuwa ya mia moja na thelathini na tano, nzito, ndefu, nyeusi. Wenzangu waliibatiza jina la Mchi.

Mchi ulinitia wazimu. Siku ya kwanza niliufunga kwenye kamera nikatazama mlima ulio mbali, nikamwona mama akipanda njia na mtoto mgongoni, nikaona hata fundo la kanga lilivyofungwa. Yeye hakujua kama kuna mtu anamtazama. Niliteremsha kamera, akawa doa. Nikainua, akawa mtu. Nilifanya hivyo kama mara kumi. Ilikuwa kama nimepewa ruhusa ambayo binadamu hakupewa, na nilitembea nao kila mahali, hata pale ambapo ningeweza kupiga hatua sita tu nikafika. Mkanda wake wa katani ulinikwangua shingo mpaka pakaota sugu. Sikujali.

Sasa ndiyo nafika Sindeni. Wakati ule watu walikuwa wamekwisha kuhamia vijijini, na Sindeni walikuwa na shamba la ujamaa, la mahindi, lililolimwa na kijiji kizima kwa jembe la mkono. Mkuu wangu aliniagiza picha moja ya shamba la ujamaa kwa ajili ya maonyesho, akasisitiza lionekane. Nilifika mchana, nikapokewa vizuri. Katibu wa kijiji, Ndugu Rajabu, mtu mwangalifu aliyeandika kila kitu kwenye daftari, alinipeleka shambani. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeanza kisha zikakata. Mahindi yalinifika magotini, mengine mapajani, na kati ya shina na shina mbuzi angeweza kulala akajinyoosha. Mwishoni mwa shamba, mbali sana, palikuwa na kichuguu kikubwa kilichoota mti juu yake.

Mpiga picha mwenye akili angeuliza. Mimi nilikuwa nawaza Mchi. Nililala kifudifudi mwanzoni mwa mstari, nikafunga kichujio cha njano, nikabana tundu la lenzi mpaka mwisho ili mahindi ya mbele na ya nyuma yote yawe makali, nikatazama. Lenzi ndefu ina tabia hii: vitu vilivyoachana inavibana pamoja. Mashina ya mita mia yalikuja yakajipanga bega kwa bega. Kwa kuwa nimelala chini, mahindi ya magotini yakawa miti, majani yakakata mawingu, na kile kichuguu cha mbali kikaja kuegemea mahindi kama jirani. Nilikuwa natazama msitu. Niliupiga, nikapiga tena, na nikawapiga na wazee wa kijiji ambao, waliposikia kuna picha, walikwenda kuvaa kanzu za Idi. Kanzu moja nzuri ilizunguka kwa wazee wanne. Niliona, nikacheka nao. Huko kwetu picha ni heshima, huwezi kuikabili umevaa nguo ya shamba.

Picha ilipotoka, ofisi nzima ilikuja kuitazama. Ilikuzwa, ikapelekwa kwenye maonyesho, na kutoka hapo ikatundikwa kwa wakubwa wa juu. Mimi mwenyewe niliisimamia kama mtu aliyejenga msikiti.

Wiki tatu baadaye Ndugu Rajabu alikuja ofisini Handeni. Alikuwa amekuja kwa baiskeli, vumbi limemfanya mwekundu mpaka kwenye kope. Hakukaa. Aliniuliza hali, nikamjibu, akaniuliza ya nyumbani, nikamjibu, kisha akasema, "Ndugu mpiga picha, picha yako imesema tumeshiba."

Alinieleza taratibu. Kijiji kilikuwa kimeandika barua kuomba chakula cha njaa. Vijiji vya jirani vilipangiwa lori. Cha kwao kiliwekwa kando, kwa sababu mkubwa anayepanga orodha aliinua macho ukutani akauliza, hawa si ndio wenye mahindi yale? Sindeni walikuwa wamebakiza mbegu. Wakila mbegu, hata mvua ikirudi hawatakuwa na cha kupanda. Kikao cha kijiji kilikuwa kimekubaliana kusubiri siku kumi. Baada ya hapo, kila mtu na chungu chake.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Niliitafuta hasira, angalau nimkasirikie yule mkubwa, lakini sikuipata. Lenzi niliichagua mimi. Tumbo lililolala chini lilikuwa langu.

Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilipanda basi nikaenda Korogwe kwa Fundi Mbwana. Nilimkuta nyumbani Kilole, studio amemwachia mkwewe, macho yameanza kufifia. Nilimpa nakala ya picha. Aliisogeza dirishani, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, na nilipodhani amesinzia akasema, "Umepiga vizuri sana. Nimekufundisha vizuri sana." Aliyasema kwa huzuni. Kisha akaniuliza ndani ya shamba alikuwa amesimama nani. Nikasema hakuna mtu, wazee niliwapiga pembeni, kwenye picha nyingine. Akasema hilo ndilo kosa. Mahindi peke yake hayana urefu, yanakuwa na urefu wowote mpiga picha anaoupenda. Niweke mtu ndani, nisimame wima kama mtu, nitumie lenzi inayoona kama mtu. Akaongeza kwamba nirudi pale pale nilipolala, kichuguu kiwemo, ili asije mtu akasema ni shamba jingine.

Basi Zainabu, jibu lako ni hilo, ya milimita hamsini. Nunueni hiyo, na kivuli chake, na kichujio cha njano kama bado mnatumia filamu nyeusi na nyeupe, na brashi ya kunyolea. Ndefu itawafurahisha na fupi itawaokoa kwenye vyumba vidogo, lakini ya kila siku, ya harusi na mkutano na shamba na mgonjwa, ni ile isiyo na maringo. Ningeweza kuishia hapa. Ila nikiishia hapa mtadhani nilijifunza jambo la vioo tu.

Nilirudi Sindeni kwa gari la bwana shamba, siku ya sita kati ya zile kumi. Mchi niliuacha kwenye sanduku la bati. Nilikuwa na filamu moja, nusu yake imetumika, na ile picha ya kwanza ili nipate mahali pale pale. Habari zilinitangulia. Nilipofika, watu walikuwa wamekwisha kuvaa. Kanzu ile ile, vilemba, kanga za sanduku, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Sijui mafuta yale yalitoka kwa nani. Watu hawajala tangu jana yake, na wamesimama mbele yangu kama wanakwenda harusini.

Ndugu Rajabu alikata tamaa. Aliwaeleza kwamba picha hii inakwenda kuonyesha njaa, akawaomba wakavue, wavae matambara, na watoto wakae chini wainamishe vichwa. Hakuna aliyeondoka. Wazee walitazama miguu yao. Ndipo akasogea bibi mmoja, Bibi Mwanaidi, mjane, mrefu, mmoja wa waliokuwa wakitangulia mstari siku za kulima. Nilimwamkia. Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akageukia wote, lakini maneno alinipa mimi.

"Nimezika mume, nimehama nyumba niliyozalia, na njaa nimeiona zaidi ya hii. Picha sijapigwa hata moja. Ya kwanza haitakuwa ya matambara."

Nikamwambia, bibi, bila hivyo wakubwa hawataamini.

"Mwenye njaa ni mahindi," akasema. "Yapige hayo. Mimi nitasimama nayo, nimevaa."

Akaniomba kwanza aione ile picha inayowasumbua. Nilimpa. Aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, wala hakunitukana kama nilivyotegemea. Akanirudishia, akaingia shambani bila kuambiwa aende wapi. Alikwenda mpaka katikati ya mstari, akageuka, akashusha mikono.

Nilisimama wima. Niliweka kamera usawa wa macho yangu na lenzi ya milimita hamsini mbele. Nawaambieni vijana, nimepiga picha viongozi, nimepiga maharusi wasiohesabika, sijawahi kukichunguza kioo kama nilivyokichunguza pale. Kanga yake ilionekana yote, pindo la juu na pindo la chini, na miguu yake mitupu, na udongo kati ya mashina. Mahindi yalimfika magotini, majani yamejikunja kama sigara. Kichuguu kilikuwa kule nyuma, mbali, mahali pake pa kweli. Hakukuwa na ujanja wowote ndani ya kile kioo, na bado nilikuwa natazama kitu kikubwa kuliko msitu wangu wote. Hakuomba kuonewa huruma. Alisimama tu kama mwenye shamba. Nilisahau kubonyeza mpaka Ndugu Rajabu aliponikoholea.

Filamu niliisafisha siku ile ile niliporudi Handeni. Karatasi ikiwa kwenye dawa, pindo la kanga lilitangulia kutokea, jeusi, halafu uso, na mahindi yakaja mwisho, membamba kama mikwaruzo ya kuku. Nilizibandika picha mbili kwenye kadi moja. Chini ya ile ya kwanza niliandika kwa mkono wangu kwamba ilipigwa kwa lenzi ndefu, mpiga picha amelala chini, na kwamba kosa ni langu. Mkuu wangu aliisoma, akaniuliza kama najua inaweza kunitoa kazini. Nikasema najua. Akanipa ruhusa ya siku mbili na hakuweka sahihi yake popote, jambo ambalo nililielewa.

Siku ya nane mimi na Ndugu Rajabu tulisimama mbele ya yule mkubwa. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye mafua, si jitu nililokuwa nimelichora kichwani. Aliangalia kadi, akaangalia ukutani, akaangalia kadi.

"Ni shamba moja hili?"

"Ni moja, mzee. Kichuguu hicho hapo, na hicho hapo."

"Kwa mwezi mmoja tu. Mahindi yamekwenda wapi?"

"Hayakwenda popote, mzee," nikasema. "Hayakuwepo."

Akapenga kamasi, akainuka mwenyewe kwenye kiti, akaishusha picha yangu ukutani na kuniwekea mikononi. Kisha akavuta orodha. Lori liliingia Sindeni siku ya kumi, saa sita mchana, limebeba mahindi ya manjano, yale tuliyoyaita yanga. Hayakuwa matamu, yalinuka gunia, na watu walilalamika ladha yake siku hiyo hiyo, nami nilifurahi sana kuwasikia wakilalamika. Mbegu haikuliwa.

Baada ya wiki mbili nilimpelekea Bibi Mwanaidi nakala yake. Nilimkuta akipepeta. Aliiweka mbali na macho, akaiweka karibu, akauliza kama huyu ni yeye. Nikasema ni wewe, bibi. Akasema, "Nimesimama vizuri." Halafu akaniuliza ile nyingine iko wapi, ile ya uongo.

Nikamweleza kwamba imeshushwa, na kwamba nakusudia kuichoma pamoja na filamu yake ili isimdhuru mtu tena.

"Usichome. Niletee na hiyo."

"Bibi, ile si kweli."

"Najua si kweli, mimi ndiye niliyelima." Aliuweka ungo chini. "Lakini siku tunapanda, mahindi niliyokuwa nayaona ni yale yaliyo kwenye picha yako. Nilidhani nimeyaona peke yangu."

Nilimpelekea. Alizitundika zote mbili kwenye ukuta wa udongo, karibu karibu, kwa miiba ya mgunga. Mwaka uliofuata mvua zilirudi na nilipita kumsalimia, nikamkuta na wageni wamekuja kwa ndoa ya mjukuu wake, wamezikodolea macho zile picha. Mmoja wao alimwuliza shamba lake ni lipi kati ya hayo mawili. Bibi aliinuka, akaweka kidole kwenye ile aliyosimama mwenyewe.

"Hili ndilo tulilovuna," akasema. Kisha akakihamishia kidole kwenye msitu wangu. "Na hili ndilo tulilolima."